Chungu Kitakuuliza Wewe ni Nani

Tulipotoka kumzika kaka yangu Elinami, watu walirudi chini ya turubai kula, na upepo wa Same ukawa unatunyang'anya wali kwenye sahani. Mchungaji akauliza kama yuko mwenye neno la mwisho. Nyuma kabisa akasimama mzee mmoja, koti limemzidi, ameegemea fimbo. Akasema, "Mimi nimeteremka kutoka mlimani. Marehemu alikuwa mtu wa nyumbani kwetu." Akakaa. Watu wakaitikia amina, maana msibani watu huitikia chochote. Mimi nikainuka. Binti yangu akanikamata kitenge kwa nyuma, akaninong'oneza, "Mama, kaa. Mama, tafadhali, leo kaa." Nikakaa, lakini chakula kile sikukimeza. Yule mzee nilimjua kabla hajafungua mdomo. Ni Gideoni, mtoto wa Mzee Sefania, na mara ya mwisho kumwona alikuwa juu ya matenga ya nyanya kwenye lori, anashuka mlima bila kugeuka nyuma.

Wanaonifahamu wanajua mimi nina mdomo. Nilizaliwa nao. Darasani nilikaa mpaka la tatu tu, wakanitoa nikalee mtoto wa Gideoni, na kusoma nikajifundisha mwenyewe kwenye ukuta. Sebule ya Mzee Sefania ilikuwa imebandikwa magazeti ya zamani kuzuia vumbi la udongo, basi mimi nikifagia nasoma, nikipangusa viti nasoma, mpaka nikajua ukuta mzima kwa moyo, na hadithi nyingine zilikatika katikati kwa sababu kipande kilichobaki kilikuwa nyuma ya kabati. Habari za baba yetu naziruka. Alikuwa kibarua wa mkonge kule chini, alipita, akaenda. Ninayotaka kusema ni habari ya mwaka mmoja, na ya jiko.

Jiko la Mzee Sefania lilikuwa nyumba ya peke yake, nyuma ya nyumba kubwa, na sisi tulilala upande wa pili wa ukuta wake: mama yangu Navoneiwa, Elinami, na mimi Nakundwa. Mama alizaliwa mle. Mama yake naye alikulia mle na kufia mle. Mafiga makubwa matatu, juu yake dari ya fito ambapo mahindi yalikaushwa kwa moshi, na chungu cha makande ambacho hakikupoa. Mama ndiye aliyepika. Nyumba kubwa wakila, tunasubiri, tukisikia vijiko vimenyamaza tunajua zamu yetu imefika, tunakula kilichobaki na ukoko wake. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtu mlimani anakula hivyo. Nilidhani kuna watu wa sebuleni na watu wa jikoni kama vile kuna kuku na bata. Hakuna aliyetutukana. Kwa Kipare lipo neno la watu kama sisi, mimi silitamki mpaka leo, ila pale kitongojini hata hilo hawakulitumia, walisema tu, "Wale wa jikoni kwa Sefania." Msichana wa jikoni akiolewa, mahari inaingia nyumba kubwa. Mvulana wa jikoni akilima, shamba ni la nyumba kubwa. Bibi yetu tulijua aliitwa Mtama. Nilipouliza kwa nini mtu aitwe jina la nafaka, Mama alinipiga kofi, na Mama hakuwa mtu wa kupiga. Elinami ndiye aliyenieleza tukichanja kuni. Ile njaa kuu ya zamani, alisema, bibi aliletwa mtoto mdogo anayejua kuongea, akabadilishwa na debe la mtama. Ndiyo wakamwita hivyo, wasisahau walichotoa.

Mwaka ninaousema mimi tayari nilikuwa nimeota maziwa na kiburi. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Sabuni tulitumia majivu, sukari tuliisikia kwa wagonjwa. Halafu huko serikalini wakalegeza kamba ya biashara. Ghafla malori yakaanza kupanda kutoka Same, madereva wa kila kabila, wanashusha mitumba na mafuta ya kupikia, wanapakia tangawizi, vitunguu, nyanya. Watu waliokuwa wanalima wapate kula wakaanza kulima wapate kuuza. Na mwaka huo huo mvua ikakataa. Basi ikawa kila mtu ana nyanya na hakuna mwenye maji, na macho yote yakahamia kwenye ndiva.

Mgeni wa huku nimwambie tu kwamba ndiva ni bwawa letu la zamani, ukuta wa udongo na mawe kwenye bega la mlima. Kijito kinalijaza polepole, chini lina tundu lililozibwa kwa gogo lililofungwa magome ya migomba na kupakwa tope. Zamu ya nyumba yako ikifika, alfajiri unazibua, maji yanateremka mfereji mpaka kwako. Zamu zina majina ya koo. Sisi hatukuwa na zamu. Kijishamba chetu cha maharage kilikuwa chini ya shamba la nyanya la Gideoni, tukakimwagilia mabaki ya maji. Aliyezibua ndiva kwa ajili ya nyumba ya Mzee Sefania miaka yote ni Elinami, tangu alipoweza kuinua lile gogo. Gideoni hakuwahi kulowa.

Asubuhi moja, siku ya pili baada ya zamu ya nyumba kubwa kupita, mlimani pakasikika pembe ya msaragambo. Pembe ile ikilia watu hukimbilia kazi ya pamoja, lakini siku ile haikuwa siku ya kazi, na ililia vibaya, kama mnyama. Tulipofika, ndiva ilikuwa tope tupu. Gogo limelala pembeni. Maji ya kitongoji kizima yameshuka usiku, yamevunja kingo, yamezoa miche ya majirani, yamekwenda. Wakafuata njia ya maji. Shamba la Gideoni lilikuwa limelowa, lakini si zamu yake ilikuwa juzi? Wakapita. Wakafika kwenye maharage yetu, na pale maji yalikuwa yamesimama mpaka vyura wameingia. Wote wakamtazama Elinami. Alikuwa na jembe mkononi, akalitazama jembe kama ameshikishwa na mtu.

Hawakumpiga. Afadhali wangempiga. Mzee mmoja wa ndiva alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hatumnyooshei mtu kidole. Tutavunja chungu."

Kwetu huko kulikuwa na Walutheri wa Jumapili, Wasabato wa Jumamosi na Waislamu wa Ijumaa, na chungu kilikuwa na watu wa siku zote saba. Kuvunja chungu ni kwamba anayetuhumiwa anasimama mbele ya watu, anajitaja yeye, mzazi wake, na mzazi wa mzazi wake, anasema sikufanya, anakipiga chungu kwa fimbo. Kama anadanganya, kinamrudia yeye na uzao wake. Kama anasema kweli, kinakwenda kumtafuta aliyefanya, popote alipo. Na mtu asiye na wa kuwataja? Hilo ndilo lililotunyima usingizi. Wote tuliamini, na mimi niliamini kuliko wote, kwamba mtu asiye na ukoo akikigusa chungu, chungu hakina pa kumpeleka, kinamla yeye hapo hapo, mwenye kosa na asiye na kosa. Ndiyo maana watu wa jikoni hawakuapa. Walisemewa. Mwenye nyumba anasimama, anasema, "Huyu ni wangu, kosa lake ni langu," anatoa mbuzi, watu wanakula, yamekwisha. Na wewe unarudi jikoni ukiwa mzima, ila mlima mzima umesikia wewe ni wa nani.

Walipanga wakutane baada ya siku chache, wazee wa upande wa pili wapate kufika. Siku zile ladha ilitoka kwenye chakula. Elinami alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, sahani ya makande magotini, anachagua maharage, anayapanga pembeni, hali. Kila mtu akipita njiani tunanyamaza. Kuku akikwaruza mlango, Mama anashtuka. Nilimwambia Elinami, "Kataa. Sema hukufanya." Akanijibu, "Niseme mimi ni Elinami wa nani, Naku? Wa debe?"

Mchana mmoja nilikuwa juu darini nageuza mahindi. Moshi ulikuwa mwingi, nimejifunga khanga puani, machozi yananitoka. Mlango ukasukumwa. Nikachungulia kati ya fito, nikaona kipara cha Mzee Sefania. Mzee hakuwahi kuingia jikoni. Nyuma yake Gideoni, akafunga mlango. Nikajilaza juu ya mahindi kama maiti.

"Sebuleni wamejaa watu," Mzee alisema. "Sema hapa. Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu, baba. Lori linakuja wiki hii. Nyanya zilikuwa zinasinyaa."

"Zamu si ulipata?"

"Haikutosha. Sikujua maji yatatapakaa namna ile."

"Hukujua. Mdomo wa mfereji wa kina Navoneiwa hukuuziba, maji yakaingia kwao. Mtu mzima hajui kuziba mfereji. Umefanyiwa kila kitu tangu kuzaliwa, hata wizi huuwezi."

Gideoni akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Si imekuwa heri, baba? Wanamtazama yule kijana."

"Heri gani? Kijana akishika fimbo akasema sikufanya, na kweli hakufanya, unafikiri chungu kitakwenda wapi? Kitakuja hapa. Kwako. Kwa wanao."

Cheche zikapanda, moja ikatua kwenye mkono wangu, nikaiacha iungue. Koo lilikuwa linawasha. Nilimeza mate, nikameza tena, nikauma khanga.

"Nitamsemea," Mzee akasema. "Nitatoa mbuzi yule mweusi. Chungu kitarudishwa bila kupigwa."

"Na akikataa kusemewa?"

"Akatae ana nini? Wale hawana pa kukatalia."

"Dada yake ana mdomo."

"Yule wiki ijayo anashuka Same. Yupo mtu anatafuta wa kumfulia na kumpikia. Hata barua ya kumtafuta kaka yake hataandika, hajasoma."

Wakatoka. Nikakohoa mpaka nikatapika juu ya mahindi ya watu. Nadhani pale ndipo nilipokoma kuwa mtoto, maana kilichonitisha hakikuwa hasira yao. Hawakuwa na hasira hata kidogo. Walituongelea kama mtu anavyoongelea pa kufungia mbuzi.

Nilimwambia Mama jioni. Alikuwa anakatakata ndizi. Hakuacha kukata. "Umemaliza?" aliniuliza.

"Mama, ni Gideoni. Twende tukaseme."

"Tukaseme wapi? Kwa nani atakayesikia?"

"Nitakwenda barazani nipige kelele."

"Ndiyo. Upige kelele, waseme mtoto wa jikoni amemzulia mwenye nyumba. Halafu?" Akapangusa kisu kwenye khanga yake. "Mwanangu, mdomo wako ni mzuri lakini unatangulia mbele ya miguu. Kula."

Kesho yake Mzee Sefania alimwita Elinami sebuleni. Nilipewa sinia la chai niingize, na nilipoingia karibu liniponyoke: Elinami amekaa kwenye kiti. Kiti cha mto, cha wageni. Na kwenye sinia, pamoja na birika, kulikuwa na kibakuli cha sukari. Mwaka ule, sukari. Mzee mwenyewe akachota, akamtilia kaka yangu kikombeni, akakoroga kwa mkono wake.

"Kunywa, mjukuu wangu. Usiogope. Umekua hapa. Mimi nimekula chakula cha bibi yako, nimekula cha mama yako. Nitakuacha uaibike?"

"Babu, sikuzibua mimi."

"Najua."

Alisema najua. Polepole, kwa huruma, akimtazama machoni. Nilisimama na sinia, nyuma yangu ukuta wa magazeti ninaoujua kwa moyo, na nikaona kwamba mtu anaweza kukuonea huruma na kukuuza katika pumzi moja.

"Najua hukuzibua," Mzee akaendelea. "Lakini chungu hakijui. Ukishika ile fimbo, chungu kitakuuliza wewe ni nani. Utakijibu nini?"

Elinami akakitazama kikombe. Nikaona kidevu chake kinacheza. Alikuwa kijana wa kubeba gogo la ndiva peke yake, na kidevu kinacheza kama cha mtoto. Akanywa ile chai. Akasema, "Nisemee, babu." Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi, nikang'oa majani kwa mikono miwili, sijui nilikuwa namng'oa nani.

Mama alipoambiwa aliinjika makande ya nyumba kubwa kama kawaida. Lakini usingizini nilimsikia anaongea, au nilidhani ni usingizini, sauti ndogo, kitu kimoja anakirudia rudia kama mtu anayejaribu kiatu asichokivaa siku nyingi.

Siku yenyewe wanaume walisimama juu ya ukuta wa ndiva, tope chini yao limekauka na kupasuka vipande. Wanawake tulibaki chini, kwa sababu ukuta ule mwanamke hakanyagi. Chungu kiliwekwa juu ya jiwe, kidogo tu, cheusi, chungu ambacho ungeweza kupikia mboga. Ndicho kilichoniogopesha, udogo wake. Elinami alisimama nacho uso kwa uso, shati lake jeupe la mtumba limelowa jasho mgongoni. Gideoni alikuwa nyuma ya watu, anatafuna kijiti.

Mzee Sefania akavua kofia. "Ndugu zangu, mnanifahamu. Huyu kijana ni wangu. Mama yake alizaliwa kwangu, bibi yake, baba yangu ndiye aliyemtoa njaani. Kosa lake ni langu. Mbuzi yule pale. Naomba chungu kirudishwe ndani."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Walishachoka, jua kali, mbuzi amenona. Mmoja akainama kukichukua chungu. Mimi nikafungua mdomo wangu huu, mdomo unaosifika, na nawaambia kweli tupu, hakikutoka kitu. Nikageuka kumtafuta Mama ubavuni kwangu, hayupo.

Alikuwa anapanda ukuta. Kata ya magome ya migomba bado iko kichwani, alikuwa ametoka kuteka maji. Miguu mitupu juu ya ukuta wa ndiva. Mtu akasema, "Navoneiwa, shuka," mwingine akasema, "Amerukwa na akili huyu." Hakuharakisha. Akaichukua fimbo kutoka kwa mzee aliyekuwa nayo, na yule mzee akaiachia, nadhani kwa mshangao.

"Navoneiwa," Mzee Sefania alisema kwa upole, "mama, utajiua. Utawaua na watoto. Wewe huna wa kumtaja."

Mama alikuwa anatetemeka mpaka kata ikaanguka. Sijawahi kuona mtu mwenye woga kiasi kile akaendelea kusimama. Akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya usingizini:

"Mimi ni Navoneiwa. Wa Nambua. Wa Kiure, wa Kighare."

Mimi mwenyewe sikuelewa. Nambua ni nani?

"Mama yangu hakuitwa Mtama," Mama akasema. "Aliletwa anajua jina lake, na la baba yake, na la kwao, Kighare, kule Ugweno. Aliniambia sikioni tukisaga, akasema nisilitoe mpaka siku nitakapokosa kingine. Leo nimekosa kingine. Mimi ni Navoneiwa wa Nambua wa Kiure. Mwanangu hakuzibua maji. Kama nasema uongo, kinirudie mimi na hawa wawili niliowazaa. Kama nasema kweli, kimtafute aliyezibua."

Akapiga. Mlio wake ulikuwa mdogo, tak, kama yai. Kigae kimoja kikateremka ukuta kikaja kusimama karibu na mguu wangu. Nikatazama juu, sikumtazama Mama, nilimtazama Gideoni. Kijiti kilikuwa kimebaki mdomoni, na midomo imekuwa ya majivu.

Msifikiri tulirudi tukiimba. Tulirudi tumekufa nusu. Zilifuata wiki ambazo sitaki mtu yeyote aziishi. Elinami akipiga chafya, Mama anaacha anachofanya. Mimi nikiumwa kichwa, nanyamaza, nisiwatie hofu. Chungu kilikuwa kimetuuliza, tumejibu, lakini je, kimekubali jina la mwanamke? Kimekubali jina la mtoto wa njaa? Tulilala tumebanana kitanda kimoja, kila mmoja anasikiliza pumzi za wenzake. Gideoni alipakia nyanya zake lori lilipokuja, akapanda juu ya tenga, akaenda nazo. Watu walidhani anakwenda kuuza. Hakurudi. Ndipo mlima ukajua, bila mtu kutamka. Mzee Sefania hakutufukuza wala hakutuzuia. Siku tulipofunga vitu vyetu kwenye mkeka, alikaa mlangoni na kofia magotini, akasema tu, "Nani atapika?" Nikafungua mdomo, Mama akanikanyaga mguu. Mvua ilitukuta njiani tunashuka, na hapo Mama akacheka kwa mara ya kwanza, tuko hai wote watatu. Same tuliuza makande stendi, Elinami akaanza mitumba, na chungu cha makande kilikuwa chetu, tukala kabla ya wateja.

Mama alikwenda kwa uzee wake, kitandani, ameshiba. Elinami amekwenda na yeye. Na wiki moja baada ya maziko, Gideoni alikuja kugonga kwangu.

Shikamoo ilinitoka yenyewe, nikaichukia. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetarajia kuinuliwa. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu ujana wangu, nimeyanoa, nimeyapanga. Nikaanza, "Pale msibani ulisema kaka yangu ni mtu wa kwenu."

"Nilikosea. Nilitafuta neno, likaja lile la baba."

"Umekuja kufanya nini?"

"Unifungue."

Nikamtazama. Akasema amezunguka Tanga, Korogwe, mashamba ya mkonge, kila nyumba aliyojenga aliona ina ufa. Mtoto akipata homa, yeye ndiye anayekimbia na kurudi kama kichaa, mkewe wa huko haelewi. Amezika wawili. Watoto hufa, Nakundwa, alisema, najua watoto hufa, lakini mimi kila mmoja nilisikia ule mlio. Aliyepiga hayupo, kaka yako hayupo. Umebaki wewe. Anayefungua ni yule aliyepiga au damu yake, anamtemea aliyefungwa maji ya mdomoni.

Nilitakiwa kufurahi. Mtu ambaye baba yake alisema hatuna pa kukatalia, amekaa kwangu, anasubiri nikatae au nikubali. Badala yake nikaona ile midomo ya majivu, na nikakumbuka kitanda chetu, tunasikilizana pumzi. Sisi tuliogopa mpaka mvua iliponyesha. Huyu hajawahi kunyeshewa.

"Mama yangu alisema jina gani pale?" nikamuuliza. Nilimtega. Nilitaka ashindwe nimfukuze.

Hakufikiri hata kidogo. "Navoneiwa, wa Nambua, wa Kiure, wa Kighare." Akafuta macho kwa kiganja. "Kila usiku, Nakundwa. Nalala nalo."

Maneno yangu yote niliyonoa yakaniishia. Wanangu mwenyewe, niliowazaa, wanalijua jina la Nambua kwa kulisikia mara moja moja kwenye ubishi wangu. Duniani mtu aliyelitunza usiku baada ya usiku alikuwa huyu. Na nikaogopa kitu kipya: nikimfungua, atalala usingizi, naye atalisahau.

"Njoo Jumamosi ndivani," nikamwambia. "Uje na wajukuu."

Ndiva siku hizi ina saruji na bomba la chuma. Alikuja na mjukuu mmoja, msichana mkubwa anayesoma chuo, amevaa miwani ya jua. Akaniamkia vizuri, akamuuliza babu yake, "Huyu bibi ni nani kwetu?"

Gideoni akanitazama. Sikumsaidia.

"Si wa kwetu," akasema. "Bibi yake aliletwa nyumbani kwetu mtoto, kwa debe la mtama. Tukamfanyisha kazi mpaka akafa, na mwanawe, na wajukuu zake. Mimi nikaiba maji hapa, nikaacha waadhibiwe wao."

Msichana akavua miwani. Akaniuliza mimi, "Huyo bibi yako aliitwa nani?"

Nilifungua mdomo, lakini babu yake alishatangulia.

"Nambua," akasema. "Wa Kiure. Wa Kighare. Rudia."

Akarudia. Babu akamrudisha tena, mpaka likatoka bila kukwama. Ndipo nikapanda ukuta kwa miguu mitupu, nikachota maji kwa kiganja, nikayatia mdomoni, nikamtemea Gideoni kifuani.